Mchungaji Aliyezikwa Bila Kengele

Mchungaji wetu alizikwa bila kengele, na si kwamba kengele ilikosekana. Kanisa la pale Butiama wanayo ya chuma kizito, sauti yake inafika mpaka barabara kuu. Mpigaji alikuwa amesimama tangu asubuhi, kamba mkononi. Kwaya mbili zilikuja, ya Bunda na ya Musoma, zote na sare zao. Ndipo mzee mmoja wa kanisa akatoa karatasi mfukoni, akasema marehemu aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, akaisoma. Ilikuwa na mistari mitatu. Kengele isipigwe. Kwaya isiimbe. Nizikwe kama tulivyokuwa tukiwazika waliokuwa nje ya meza.

Watu walinung'unika. Mkuu wa jimbo aliipokea ile karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna neno lingine, akairudisha. Mama mmoja wa kwaya alivua kilemba cha sare, akakikunja vizuri, akakitia kwenye mkoba. Nyuma yangu mwendesha bodaboda alimwambia mwenzake, "Wazee wakifikia umri ule wanachanganyikiwaga. Babu yangu alitaka tumzike na redio."

"Mkamzika nayo?"

"Tulimzika nayo. Betri tulitoa."

Udongo ukaanza kuingia. Nimehudhuria mazishi mengi, lakini sikuwahi kuisikia sauti ya udongo peke yake, maana kwetu huwa inafunikwa na nyimbo. Siku ile tuliisikia koleo kwa koleo mpaka mwisho.

Baadaye yule mzee wa kanisa alinifuata nilipokuwa nimesimama karibu na pikipiki yangu. "Wewe ndiye Dereva? Alikuwaga anakutaja. Sema neno moja basi, wewe ulikaa naye kule Kiriba." Nikamjibu kwamba koo linaniuma. Nikaondoka kabla ya chakula.

Neno ambalo sikulisema siku ile ndilo ninaloliandika hapa. Nikimaliza nitalituma Kiriba, kwa katibu wa usharika, lisomwe mbele ya watu. Nalituma kwa maandishi kwa sababu najifahamu. Lakini kabla ya neno lenyewe nataka ajulikane alikuwa mtu wa namna gani, asije akabaki kwenye midomo ya watu kuwa mzee aliyechanganyikiwa.

Alikuwa mtu wa miguu. Kwenye kanisa letu, kabla ya Meza ya Bwana, watu hutawadhana miguu, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Kuna beseni na taulo. Unamwosha uliyekaa naye, naye anakuosha, mnasimama, mnapeana mkono wa amani. Sharika nyingine watu hukaa wanakotaka, na mtu akiachiwa achague, atakaa na rafiki yake. Mchungaji hakulipenda jambo hilo. "Rafiki kumwosha rafiki ni kuoga tu," alisema. Kwa hiyo viti alikuwa anavipanga yeye. Wiki nzima kabla ya meza alizunguka na baiskeli nyumba hadi nyumba, anakunywa uji, anauliza habari za mihogo, na huku anatafuta nani hasemi na nani. Jumapili ukifika unaonyeshwa mahali pako, unageuka, unakuta umekaa na mtu ambaye hujamsalimia tangu mavuno.

Nawakumbuka ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba. Mdogo alikuja makusudi na miguu yenye tope la bondeni mpaka magotini. Akaunyoosha mguu mbele ya kaka yake. "Osha. Si ndiyo kazi yako leo?" Kaka akaosha. Maji yakawa mekundu, wakamletea mengine, akaendelea kimya, akasugua mpaka kati ya vidole. Alipomaliza akasema, "Bado wa kushoto." Yule mdogo akajaribu kuzuia kicheko kikamshinda, na kanisa zima likacheka naye. Mpaka ule haukuzungumzwa tena.

Wiki hiyo ya maandalizi alitembea na wembe na kipande cha sabuni kwenye mfuko wa koti. Wazee wasioweza kuinama aliwakata kucha za miguu, ili wasione aibu siku ya kutawadhana. Mwenyewe alikaa chini, mguu wa mzee pajani mwake, akikata polepole kama mtu anayemenya embe.

"Mchungaji, hii mikono si ndiyo unayotubatizia wajukuu?" bibi mmoja alimuuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo, mama."

"Basi unawe sana. Huo mguu umekanyaga mavi ya ng'ombe wa ukoo mzima."

Kutokana na kuishika sana miguu ya watu, aliamini anaweza kuisoma. "Mdomo unafundishika," alisema. "Miguu haifundishiki." Ukizungumza naye, macho yake yalishuka chini kuangalia vidole vyako vimeelekea wapi. Kuna bwana harusi aliletwa kwake kutambulishwa, kijana nadhifu, anaongea vizuri. Walipoondoka Mchungaji akamwambia mkewe, tuliyezoea kumwita Mama Mchungaji, "Huyu viatu vyake vinaangalia stendi." Wiki mbili kabla ya ndoa yule kijana akapanda basi la Mwanza na hakuonekana tena. Habari hiyo tuliicheka mwaka mzima, na tangu hapo tukaamini kila alichosema kuhusu miguu. Naye akaanza kujiamini hivyo hivyo.

Mimi alinikuta ufukweni, kijijini kwetu Kiriba, nimemaliza kidato cha nne na cheti kisichonipeleka popote, nimekaa juu ya jabali nayatupia mawe maji. Akaniuliza kama najua mashine za boti. Nikasema najua.

"Unajua, au unajibu?"

Nikasema sijui. Akafurahi kama mtu aliyepewa mbuzi. "Hilo ndilo neno," akasema. "Anayeweza kusema sijui, anaweza kufundishwa mengine yote." Akanipeleka Musoma kwa fundi mmoja nikakaa miezi miwili nikijifunza. Niliporudi akanikabidhi mashine ya usharika, na tangu siku hiyo jina langu likawa Dereva. Mpaka leo Kiriba kuna watu wasiojua nilibatizwa nani.

Usharika ulikuwa na waumini kisiwani Rukuba, kwenye kambi za wavuvi, na kila mwezi tulivuka. Mchungaji alikuwa analiogopa ziwa kuliko kitu chochote. Hakujua kuogelea. Alikaa katikati ya boti, ameshika ubao kwa mikono miwili, macho amefumba, anaimba sauti ya nne, ile besi, ya wimbo mmoja tu, kwenda na kurudi. Mawimbi yakiongezeka, sauti nayo iliongezeka. Wavuvi wa Rukuba walikuwa wanaisikiliza kama taarifa ya hali ya hewa. "Leo ziwa baya," walituambia tukitia nanga, "Mchungaji tumemsikia kabla hatujaiona boti." Naye aliteremka anacheka nao. Hakuacha kuvuka hata mwezi mmoja, isipokuwa mara moja, na hiyo nitaieleza.

Alinifundisha kusoma maandiko mbele ya watu. "Usiyaimbe. Soma kama unampa mgonjwa dawa, ajue ni kijiko kingapi." Alinifundisha kunyoosha shati kwa chupa ya maji ya moto. Alinifundisha kuingia kwenye nyumba yenye ugomvi nikiwa nimevua viatu, hata kama sakafu ni ya mavi ya ng'ombe, kwa sababu mtu aliye peku hawezi kujifanya hakimu. Baba yangu alikuwa hai, lakini nilikuwa nikisikia mnyororo wa baiskeli ya Mchungaji ndipo nanyooka mgongo.

Alikuwa na upande mwingine, na sitaki kuuficha. Meza kwake ilikuwa na ukuta. Aliyetengwa kwa kosa alikaa benchi la nyuma, hakutawadhwa, hakula, na akifa akiwa bado kwenye benchi hilo, kengele haikupigwa. Kengele yetu ya Kiriba ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imefungwa kwa waya kwenye mti nyuma ya kanisa, inagongwa kwa kipande cha nondo. Ilikuwa inasikika mpaka majini, na wavuvi wakiisikia inagongwa polepole walisimamisha makasia. Kuzikwa bila sauti ile kulikuwa ni kutangaziwa kijiji kizima kwamba umekwenda ukiwa nje. Mchungaji huyo huyo aliwapelekea sukari watu aliowatenga. Nilimwona akimpikia uji mlevi mmoja aliyekuwa amemtukana madhabahuni. Nikamuuliza, mbona unampikia na mezani humtaki? Akajibu bila kugeuka, "Huruma ni yangu. Kengele ni ya kanisa."

Niliona ni maneno makubwa. Niliyarudia kwa watu kana kwamba ni yangu.

Rafiki yake mkubwa pale kijijini alikuwa fundi wa nyavu. Mtu wa makamo, mkimya, vidole vyake vimejaa mikato ya uzi, mwimbaji wa sauti ya nne pamoja naye. Mchungaji alipochana kanzu ya ibada kwenye msumari, yeye ndiye aliyeishona, kwa sindano ile ile ya nyavu, na mshono ukawa na mafundo kama ya wavu. Mchungaji alihubiri na kanzu hiyo kwa miaka. Fundi wa nyavu alikuwa na jambo lake moja: alikataa kushona kokoro. Kokoro ni ule wavu mrefu unaoburutwa mpaka ufukweni, unazoa sato, unazoa furu, unazoa na vifaranga vya samaki ambavyo bado havijajua kuogelea vizuri. Serikali imeupiga marufuku. Kijijini kwetu yalikuwepo makokoro mawili, na nusu ya nyumba zilikula kwa hayo. Fundi wa nyavu alisema tu, "Hiyo sindano yangu haijui," na watu walimsamehe, kwa sababu nyavu nyingine alishona vizuri kuliko wote.

Sasa nafika kwenye neno langu.

Jumatatu moja asubuhi nilikwenda Musoma na boti kuchukua mafuta. Watu wa doria ya uvuvi wakanikuta mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, boti haina leseni, haina hata jaketi moja la kuokolea. Wakaifungua mashine, wakaibeba. Nililia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nililia mbele ya watu, nikisema mashine ni ya kanisa, Mchungaji nitamwambia nini. Mmoja wao, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akanivuta pembeni. "Usilie, mura, wewe ni kijana mzima. Tuambie makokoro ya kwenu yanalalaga wapi, uchukue mashine ya Mungu uende."

Nikamwambia. Kati ya majabali mawili makubwa, upande wa magharibi, chini ya matete makavu.

Nilitoka pale na mashine begani, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa fundi wa nyavu, amekuja kununua uzi. Alinitazama mimi, akaitazama mashine, akawatazama wale watu nyuma yangu.

"Umeipataje?"

"Wamenisamehe."

"Hawa hawasamehegi," akasema. Halafu akaenda akawasalimia, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, anamsalimia kila mtu.

Siku ya tatu walikuja. Walikwenda moja kwa moja kwenye majabali, wakayavuta makokoro, wakayachoma ufukweni. Moshi wa nailoni ni mweusi na unanata, ulikaa kwenye nguo zetu wiki nzima. Mwenye kokoro moja alikuwa ameuza ng'ombe wanne kulinunua. Alikaa mbele ya lile jivu mpaka jua likazama, mkewe akaja akamshika mkono kama kipofu akamrudisha nyumbani. Baada ya hapo watu walianza kula mara moja kwa siku, na kila mwenye njaa aliuliza swali moja: nani amesema?

Jumapili iliyofuata Mchungaji alisimama madhabahuni, akayataja machozi ya waliounguliwa, akaomba faraja. Kisha akashukuru kwa ajili ya mashine, maana hata yeye nilimwambia wamenisamehe. "Mungu amefungua mkono wa wenye nguvu," alisema, "kazi ya Rukuba haitasimama." Watu wakaitikia amina. Fundi wa nyavu alikuwa mstari wa tatu. Sikumtazama.

Wiki ile ilikuwa ya maandalizi ya meza. Baiskeli ikazunguka, na kila nyumba ikamwambia Mchungaji jina moja: aliyekataa kushona kokoro. Alhamisi akaniita barazani kwake. "Dereva, wewe ulikuwa mjini Jumatatu ile. Kuna mtu wa kwetu ulimwona na watu wa doria?"

Nilikuwa na neno moja la kusema, nalo ni mimi. Nikasema, "Nilimwona fundi wa nyavu. Alikuwa anasalimiana nao."

Hakuna neno la uongo katika hayo. Nimeyapima kwa zaidi ya miaka ishirini na sijapata hata moja.

Mchungaji hakumtenga kwa maneno yangu. Alikuwa mwadilifu kuliko hapo. Alitaka miguu iseme. Jumapili alimpanga fundi wa nyavu akae nami, akaniambia nianze mimi. Nikapiga magoti, nikasogeza beseni, nikanyoosha mikono. Fundi wa nyavu akaurudisha mguu nyuma, chini ya kiti.

Mchungaji akaja mpaka tulipo.

"Toa mguu, ndugu yangu."

"Kwa huyu siutoi."

"Kwa nini?"

"Muulize yeye."

Mchungaji akanigeukia. Naona mpaka sasa uso wake, ulikuwa tayari kuniamini na tayari kutoniamini, kwa vipimo sawa. "Dereva, kwa nini?"

Nikasema, "Sijui."

Lile neno alilolipenda. Aliliamini papo hapo, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha. Akamtazama rafiki yake, akautazama ule mguu uliojificha, na nikaona anausoma. Kwake mguu unaokimbia maji ulikuwa mguu wenye hatia. Hakuwahi kufikiri kwamba mguu unaweza kuikimbia mikono. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi utakaa nyuma mpaka utakapoutoa." Fundi wa nyavu akasimama, akatembea peku mpaka benchi la nyuma, viatu ameshika mkononi.

Hakujitetea. Miaka mingi baadaye nilimsikia Mama Mchungaji akisema, "Angejitetea kwa nani? Ninyi mlikuwa mnaishukuru mashine."

Baada ya hapo hakuna aliyempelekea wavu kushona. Alikaa miezi michache, kisha akahamia Rukuba na mkewe, akashona nyavu za kambini. Tulipovuka kila mwezi, alikuja kwenye ibada na kukaa nyuma kabisa, juu ya jiwe. Mchungaji alimpelekea sukari. Walisalimiana. Mguu hakuutoa.

Mwaka wa tatu akaugua, tumbo likajaa maji. Mvuvi mmoja alivuka na ujumbe: mgonjwa hana siku nyingi, anamwomba Mchungaji aje, na akifa apigiwe kengele. Mafuta yalikuwepo. Ziwa lilikuwa limelala kama ugali kwenye sahani. Mimi nilikuwa tayari nimeshika kamba. Mchungaji alisimama ufukweni muda mrefu, kanzu yake yenye mshono wa mafundo imekunjwa mkononi.

"Amesema atautoa mguu?" akamuuliza mvuvi.

"Hilo hakusema."

Mchungaji akaikunja kanzu mara nyingine. "Nikienda kwa huyu, wote wa benchi la nyuma wataniuliza. Hatuvuki, Dereva."

Nilisikia ahueni. Naliandika hili kwa sababu ndilo baya kuliko yote. Nilisikia ahueni kama mtu aliyetuliwa mzigo. Fundi wa nyavu alizikwa kisiwani baada ya siku mbili na ringi yetu haikugongwa.

Nikaondoka Kiriba mwaka huo huo. Nilisema natafuta maisha. Nimekuwa Bunda kwenye gereji, nimekuwa Geita, Kahama, nimerudi Musoma, nimeuza vipuri, nimeendesha boti za watu, hakuna mahali nilipomaliza miaka miwili. Kila nilipofika nilikuta watu wema, na nilipoanza kuaminiwa nilifunga begi. Mchungaji alihamishiwa Bunda, na simu zilipoenea akawa ananipigia kila Krismasi. Hakuwa na maneno mengi. "Mungu akubariki, Dereva. Uko wapi sasa?" Namtajia mji. Anasema, "Haya," anakata.

Nilisikia kwamba huko Bunda alianza tabia ngeni. Aliwagawia watu mkate na kikombe, yeye mwenyewe hali wala hanywi. Wengine walisema vidonda vya tumbo. Alipostaafu akaenda kuishi Butiama, nako wakasema siku za meza anakaa benchi la nyuma kabisa, na hakubali kusogezwa mbele. Watu walimsifu kwa unyenyekevu.

Mwaka huu nilipita Butiama na vipuri, siku ya Jumapili, nikasikia kengele nikaingia. Sikujua kwamba ni siku ya meza. Nilichelewa, nikakaa benchi la nyuma kama wanaochelewa wote, na mzee aliyekuwa kwenye kona ya benchi alikuwa yeye. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Mbele yetu mabeseni yakaanza kupita. Hayakutufikia. Aliuweka mkono wake juu ya goti langu, akauacha hapo mpaka mwisho wa ibada.

Nyumbani kwake Mama Mchungaji alituletea chai na viazi. Mchungaji alikuwa amevua viatu. Kucha za miguu yake zilikuwa ndefu, zimepinda, za njano, moja imeingia kwenye nyama ya kidole cha pili. Mama aliona ninapotazama.

"Mimi hanipi," akasema. "Nesi amekuja, hakumpa. Mtu aliyekata kucha za nusu ya mkoa."

Nikamwomba Mama beseni na wembe. Akaleta maji ya vuguvugu na taulo, akatuacha. Nikapiga magoti kwenye ile sakafu. Nilipoinyoosha mikono, Mchungaji aliurudisha mguu nyuma, chini ya kiti. Polepole, kwa sababu ya uzee, lakini mpaka mwisho.

Nikabaki vile vile na mikono juu ya maji. Nikasema, "Mchungaji, ile habari ya nyavu..."

"Naijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Bunda. Yule mnene wa doria alistaafu, akajenga kule, akawa muumini wangu. Mtu mzuri sana. Nimekwenda kumsalimia siku moja, akanisimulia kwa kucheka, kijana mmoja wa Kiriba alivyolilia mashine ya kanisa."

"Mbona hukunitafuta?"

"Si nilikuwa nakupigiaga. Nakuuliza uko wapi."

"Nilikuwa nakuambia."

"Ulikuwa unaniambia mji."

Akashika kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Wewe ulikuwa mdogo, na uliogopa. Mimi nilikuwa mtu mzima. Niliishukuru ile mashine madhabahuni, sikuuliza imetokaje kwa watu wasiosamehe. Halafu nikaona mguu umerudi nyuma, nikajidai nimesoma. Alinishonea kanzu, Dereva. Nimemwacha akafa upande wa pili wa maji, siku ambayo ziwa limelala."

"Nikuoshe basi mguu, Mchungaji. Tutawadhane, tumalize."

"Wa kunitawadha mimi yuko Rukuba, chini ya mawe. Wewe na mimi tukioshana ni kuoga tu. Nimewaandikia wazee karatasi. Nikifa kengele isipigwe. Itapigwa yangu siku ile ya kwake itakapopigwa kwanza, pale Kiriba, na watu waambiwe kwa nini. Mimi nimeandika barua mara mbili kwenda kule, wakanijibu kwamba mzee amechoka, apumzike. Hawawezi kuniamini mimi. Sikuwepo mwaloni. Aliyekuwepo ni wewe. Mjane wake bado yupo Rukuba, anakausha dagaa. Anasubiri tu kusikia ile ringi."

"Nitakwenda, Mchungaji. Nitasimama mbele ya watu, nitasema."

"Lini?"

"Jumapili ijayo."

Kati ya siku hiyo na mazishi yake zilipita Jumapili kumi na moja.

Lakini siku ile, nilipoahidi, hakunitazama usoni. Aliegemeza mkono mmoja juu ya meza, akainama kwa shida, akaangalia chini ya kiti changu, nilipokuwa nimesharudi kukaa. Aliangalia muda mrefu, kama alivyokuwa akifanya zamani, macho yamebanwa. Maji kwenye beseni yalikuwa yamepoa.

"Mdomo wako uko hapa, mura," akasema, bila hasira yoyote. "Miguu yako inaangalia mlangoni."

Nikatazama chini. Ilikuwa inaangalia mlangoni.